Kumwachia Bata Mayai Yake

Bata ninayemkusudia katika maneno haya ni huyu wetu wa uani, mwenye vinundu vyekundu vilivyomzunguka macho na mdomo, mwenye kucha kali miguuni ambazo kwazo hupanda juu ya ukuta, juu ya paa la makuti na hata juu ya tawi la mwembe. Dume lake halina sauti ila pumzi ya kufoka, na jike lake, ambalo kwa uzani hufikia karibu nusu tu ya dume, hunong'ona kwa sauti nyororo linapowaita watoto wake. Asili yake si mwambao huu. Nasaba yake imo katika misitu ya kando ya mito ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walikuwa wamekwisha kumfuga kabla merikebu za Wahispania hazijatia nanga katika pwani zao, na kutoka huko akachukuliwa baharini mpaka akaenea katika nchi za joto za ulimwengu. Bata wengine wa kufugwa, weupe wa Uchina na wale wembamba wa visiwa vya Indonesia waendao wima, ni wazao wa bata mwitu wa nchi za kaskazini ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Huyu wetu ni wa ukoo mwingine, na akipandana na wale, watoto wao aghalabu huwa tasa. Tofauti hiyo ya nasaba haifai kupuuzwa, kwani mayai ya wale hutaka siku 28 za joto na ya huyu hutaka siku 35, yaani majuma matano kamili. Na katika wale, aina nyingi zimekwisha kusahau kuyalalia mayai yao, ilhali huyu hajasahau.

Kutosahau huko ndiko ninakotaka kukusifu, pamoja na kazi ya watu, hasa mama zetu, ambao kwa kumwachia bata mayai yake mwaka baada ya mwaka wameihifadhi amana ambayo nchi zenye mali nyingi na elimu kubwa zimeipoteza bila ya kukusudia.

Binadamu alianza zamani sana kutafuta njia ya kuangua mayai pasipo mama. Aristotle, hakimu wa Wayunani, aliandika katika kitabu chake cha habari za wanyama kwamba huko Misri mayai yalifukiwa katika samadi yakaanguliwa kwa joto lake. Na Wamisri hao wakaendelea kujenga matanuri ya udongo ya kuangulia maelfu ya mayai kwa pamoja, ambayo watunzaji wake walirithishana kazi baba kwa mwana, na joto wakalipima kwa kulichukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho. Mwaka 1749 mwanachuoni wa Kifaransa, Réaumur, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu wa nchi yake namna ya kuangua na kulea vifaranga kwa joto lisilo la mama. Karne iliyofuata ikaleta mashine zilizoweza kulirudi joto lake zenyewe, na tangu hapo mfugaji akapata uwezo wa kumtaka ndege wake atage tu, asilale. Maana bata akilala hatagi. Majuma matano ya kuatamia, na mengine mengi ya kulea, ni mayai yaliyokosekana, na mtu anayehesabu mayai kwa ajili ya soko huona kulala huko ni hasara. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kijiji cha Uley huko Uingereza, Bibi Adele Campbell alimchanganya bata mwembamba wa Indonesia na bata wa Rouen, kisha akaongeza damu ya bata mwitu, akapata aina iliyochukua jina lake, ambayo jike lake jema laweza kutaga mayai 300 kwa mwaka. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na sina ndimi mbili katika kuisifu. Walakini jike hilo, ukiliachia mayai yake, aghalabu halina habari nayo. Hutaga popote usiku ulipolikuta, asubuhi likaenda zake majini, na yai likabaki matopeni.

Kupotea kwa silika hiyo hakukuwa na siri. Mashine haiulizi yai limetoka kwa mama wa tabia gani; yai la mlezi na yai la asiyejali huanguliwa humo sawasawa, na mfugaji anapochagua mbegu ya mwaka ujao humchagua mtagaji mwingi, naye mtagaji mwingi ni yule asiyepoteza siku zake kiotani. Vizazi kadhaa vikipita katika mwendo huo, hamu ya kulala hufifia, hata akazaliwa ndege ambaye hawezi kuendeleza uzao wake pasipo waya wa umeme. Uani kwetu kanuni imekuwa kinyume, na haikutungwa na mtu. Bata asiyelala hana watoto. Anayelala akachoka katika juma la tatu, hana watoto. Anayelala mpaka mwisho lakini akawapoteza watoto wake vichakani kwa uzembe, watoto hao ni riziki ya mwewe. Wanaosalia, wanaokua na kutaga nao, ni wana wa waliovumilia na wajukuu wa waliovumilia. Kwa hiyo ukimwona leo bata jike amejibana nyuma ya jiko la mtu Tanga au Pemba, shingo ameivuta ndani na jicho moja limekukazia, jua kwamba unamtazama wa mwisho katika silisila ndefu ya mama ambao kila mmoja wao ama alikaa mpaka mwisho, ama alikaliwa na mwingine aliyekaa mpaka mwisho.

Kazi ya mfugaji huanza kabla yai la kwanza halijatagwa. Bata anayekaribia kutaga hubadilika mwendo: huzunguka peke yake, hunyoosha shingo kuchungulia chini ya ngazi, nyuma ya mtungi, chini ya kitanda cha kamba kilichowekwa barazani, na kila anapochungulia husimama kidogo akifikiri. Anachokitafuta ni sitara. Ataka pawe na giza, pawe na kitu cha kuegemea nyuma, pawe na mlango mmoja tu ambao yeye atauona na adui hatamwona, na asipopata mahali pa namna hiyo nyumbani atakwenda kupatafuta kichakani, na huko siku moja utayakuta makaka matupu na manyoya. Mwenye ujuzi huyaona mapema haya macho ya kutafuta, akatayarisha mahali pawili au patatu ili bata mwenyewe achague: tenga kuukuu lililolazwa ubavu, pipa lililokatwa, kona ya banda iliyozibwa kwa ubao. Si vyema kumlazimisha mahali pamoja, kwani bata aliyechagua mwenyewe hung'ang'ania, na aliyewekwa huondoka kwa kishindo cha kwanza.

Chini hapawekwi zege wala bati. Pafaapo ni ardhi yenyewe au mchanga uliomwagwa juu yake, ukabonyezwa kidogo katikati ili mayai yasitawanyike, na juu yake majani makavu ya mgomba yaliyokunjwakunjwa. Udongo una ubaridi na unyevu ambao sakafu haina, na katika hali ya nchi yetu jambo hilo lina uzito kuliko wanavyodhani wanaosoma vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi. Yai lililotagwa halikui mpaka lipate joto la kutosha; hungoja, na uhai uliomo hungoja nalo, na ndiyo maana bata aweza kutaga yai kila siku kwa muda wa majuma mawili kisha vifaranga wote wakatoka karibu kwa siku moja. Lakini kungoja huko kunataka ubaridi kiasi. Katika miezi ya kaskazi, jua linapowaka na upepo unapokuwa na moto, yai lililoachwa juu ya bati huanza kuamka kabla ya wakati, likaamka nusu, likalala tena, likafa kabla mama hajakaa juu yake. Kiota cha ardhini, kivulini, huyaokoa mayai kutokana na balaa hilo. Katika kusi kazi ni nyepesi zaidi.

Juu ya majani hayo wengi wa mama zetu hutia matawi mabichi ya mwarobaini na kunyunyiza majivu ya jikoni, kwa sababu ya utitiri. Mdudu huyu asiyeonekana vizuri kwa jicho ameuvunja uatamiaji mwingi kuliko nguchiro. Bata aliye kiotani mchana na usiku hana nafasi ya kuoga sana wala kujichambua. Utitiri humwingia chini ya mabawa, ukamnyonya damu, na hata yule mwenye saburi kubwa kabisa hufikia siku akainuka asirudi. Mtu asiyejua humlaumu bata.

Idadi ya mayai ndiyo inayowadanganya wenye tamaa. Bata wetu hutaga kwa kawaida kama kumi, kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano au zaidi, na pakiwa na jike la pili uani si ajabu likaja likataga humo humo. Mwenye tamaa hufurahi, akasema heri iwe ishirini. Lakini kipimo hakimo katika hesabu, kimo katika kifua cha bata. Anapokaa na kujitandaza, yai lisionekane hata moja. Likionekana moja pembeni, hilo si hasara ya yai moja. Bata huyageuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi, mchana na usiku, na kila anapoyageuza huyatoa ya kando akayaingiza kati na ya kati akayasukuma kando, kwa uadilifu usiokosea. Basi yai lililobaki nje leo likapoa, kesho litaingia ndani na jingine litatoka likapoe, mpaka baridi imeyapitia yote. Mayai kumi na mawili yaliyofunikwa vyema hutoa watoto wengi kuliko ishirini yaliyofunikwa vibaya. Na tangu siku bata anapoanza kulala, kila yai litiwe alama ya kaa, ili likionekana jipya lisilo na alama, limetoka kwa jirani wa uani, liondolewe siku ile ile. Kwani likiachwa litakuwa bado bichi siku wenzake wanapototolewa, na mama atatatizika kati ya watoto wanaotaka kwenda na yai linalotaka kukaliwa.

Siku ya kuanza kulala haipigiwi ngoma. Bata huingia kutaga, na badala ya kutoka, hubaki. Ukimkaribia hutuna mpaka akaonekana mkubwa mara mbili, hufoka, na hata yule aliyekuwa mpole wa kula kiganjani hukudona. Manyoya ya malaika aliyojinyonyoa kifuani yametanda pembezoni mwa kiota, na pale alipojinyonyoa ngozi tupu yenye damu ya moto imekabiliana na gamba la yai bila ya kizuizi. Chini yake joto hukaa karibu na digrii 37 na nusu. Sijui zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo ya kujivua joto lako ukalitandika chini ya watoto usiowaona.

Hutoka mara moja kwa siku, aghalabu alasiri jua linapopunguza ukali, na mtu anayependa kujifunza kazi hii asikose kuutazama utokaji huo. Huinuka taratibu, mguu mmoja mmoja, asivuruge kitu. Hugeuka, na kwa ncha ya mdomo huvuta yale manyoya ya malaika kutoka pembeni akayafunika mayai, akavuta tena, akaongeza jani la mgomba, mpaka asiyejua akichungulia hatajua kuwa pana mayai. Ndipo atoke, na mwendo wake sio ule wa siku zote: mkia ameutanua, manyoya yamemsimama, anatoa sauti fupi fupi za haraka, na dume likimjia humfukuza kwa hasira ambayo hajapata kuionyesha. Kinyesi chake, alichokizuia tangu jana asije akakinajisi kiota, hukitoa mbali. Ni kikubwa, chenye uvundo mkali kabisa, nao wazee wa kazi hii hukifurahia, kwa sababu ni ushahidi kwamba huyu analala kweli kweli. Hunywa. Hula chenga za mchele kwa pupa pasipo kuinua kichwa. Kisha huingia katika beseni, akazamisha shingo, akajitupia maji mgongoni, akajipangusa mara chache, na pengine nusu saa haijatimia yuko njiani kurudi, kifua bado kimelowa.

Maji hayo ya kifuani yana kazi. Mayai ya bata yahitaji unyevu kuliko ya kuku, na hasa siku za mwisho, kwani utando ulio ndani ya gamba ukikauka hugeuka kuwa kifungo cha kumbana kifaranga asiweze kujigeuza na kutoka. Wenye mashine hulijua hilo; wale walio hodari huyanyunyizia mayai ya bata maji kila siku na kuyaacha yapoe kitambo kabla ya kuyarudisha, na hivyo elimu yote ya vipimo hufanya bidii kuiga kile ambacho bata hukifanya akitoka kuoga alasiri. Kazi ya mfugaji katika saa hiyo ni ndogo, lakini haina ruhusa: chakula kiwepo, maji yawepo tele na karibu, mbwa afungwe, watoto wa nyumba waambiwe wasimkimbize, na yote hayo yawe kwa saa ile ile kila siku. Ukichelewesha maji siku moja atakwenda kuyatafuta mbali, na mayai yatamngoja.

Mwishoni mwa juma la pili, usiku baada ya isha, huweza kupimwa mayai kwa kurunzi. Yai hushikwa juu ya mwanga uliozibwa kwa kiganja. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotapakaa kama mizizi ya mche mchanga, na lisilo na kitu hupitisha mwanga kote. Yasiyopata dume huondolewa, na yenye dalili za kuoza pia, kwa sababu yai viza likipasuka kiotani huyaharibu mengine kwa uchafu wake. Kazi hiyo ifanywe mara moja, upesi, kwa mikono isiyo na mafuta, na mayai yarudishwe yakiwa bado yana moto.

Kuhusu maadui sitasema mengi, kwa kuwa kila uani una wake. Nguchiro na kenge ni wezi wa mayai. Panya buku huja usiku. Na kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani yote, hungoja vifaranga watoke. Bata hupigana na wote hao kwa mabawa yake yenye nguvu ajabu. Siafu tu ndio asioweza. Siafu wakiingia kiotani, naye hataki kuacha mayai, hufa juu yake, na mfugaji mwenye huruma huzungusha majivu kuzunguka banda kila anapoiona mistari yao baada ya mvua za masika.

Katika juma la tano huanza yale ambayo mashine haina jibu lake. Kifaranga, siku moja au mbili kabla ya kutoka, hutoboa ndani ya yai ule utando unaoitenga nafasi ya hewa iliyo kwenye upande mnene, akavuta pumzi yake ya kwanza, na akiisha kupata pumzi hupata sauti. Mama husikia. Ukikaa kimya karibu na kiota, usiku hasa, utasikia mlio mwembamba kutoka chini yake na yeye akijibu kwa sauti ya chini ambayo hajaitoa tangu aanze kulala, na utasikia mwingine ukijibu kutoka yai jingine. Gilbert Gottlieb, mtaalamu wa Marekani aliyefanya uchunguzi wake kwa miaka mingi juu ya bata wa ule ukoo wa kaskazini, alithibitisha kwamba vifaranga husikia wakiwa bado ndani ya gamba, na kwamba waliozuiwa kusikia sauti zao wenyewe na za ndugu zao kabla ya kuanguliwa, hawakuweza baadaye kuitambua vyema sauti ya mama wa aina yao. Kabla yake, Konrad Lorenz wa Austria, ambaye mwaka 1973 alikuwa mmoja wa wanazuoni watatu walioshirikiana zawadi ya Nobel, alikuwa ameonyesha jinsi kinda wa bata bukini alivyo tayari kumfuata kama mama yule amwonaye kwanza, hata akiwa ni mtu mwenye ndevu. Tukiyaweka maarifa hayo mawili pamoja, twapata kuelewa kwamba bata aliyeko kiotani hatoi joto peke yake. Mtoto wake hujifunza sauti yake kabla ya kuuona uso wake, na siku mama atakapoona kivuli cha mwewe na kunong'ona neno moja la hatari, mtoto hujitupa chini ya nyasi pasipo kuuliza.

Kisha hutokea kijitundu cha kwanza. Hapo ndipo kazi hii inapomtaka mfugaji awe na tabia kuliko maarifa. Kijitundu huonekana asubuhi, na jioni bado ni kijitundu. Usiku unapita, na kinda yumo. Mdomo wake wenye kijino kigumu juu yake unaonekana ukipumua, sauti inasikika, na mkono wa mtu unawasha kwa kutaka kumega kipande kimoja cha gamba ili kumpunguzia mwenziwe taabu. Mkono huo urudi mfukoni. Katika saa hizo zinazoonekana kuwa za taabu bure, damu iliyo katika utando inarudi mwilini mwa kifaranga, na kiini kilichobaki, ambacho ndicho masurufu yake ya siku ya kwanza na ya pili, kinavutwa ndani ya tumbo lake kabla kitovu hakijaziba. Ukimtoa kabla hayo hayajatimia, atatokwa damu, au atazaliwa na kiini nje, naye hataishi. Mama yake anajua. Hamsaidii kwa mdomo. Anakaa, ananong'ona, anajiinua kidogo kifuani ili kuwapisha, anangoja. Bibi mmoja wa Pangani, ambaye kwake nilijifunza mengi ya kazi hii, alikuwa akiwakataza hata watu wazima wa nyumba yake kuchungulia siku hizo, na akisema kwamba mwenye haraka na aende akafue nguo.

Nguo zikikauka, watoto huwa wamekauka nao. Mama hukaa nao siku nzima zaidi, bila chakula wala wao kuhitaji chakula, akingoja wa mwisho. Ndipo huinuka na wote humfuata kwa safu. Maji ya kwanza yawe kidogo, katika sahani iliyotiwa mawe, kwani kifaranga aliyelowa sana huingia baridi, ijapokuwa huyu aliye na mama ana mahali pa kwenda kuotea joto, na yule wa mashine hana ila taa. Chenga zilizopikwa, dagaa waliosagwa na mchicha uliokatwa vidogo huwatosha, na nzi watawadaka wenyewe.

Wapo wanaompa kuku mayai ya bata kuyalalia, na jambo hilo ni la zamani na linakwenda. Mimi halinipendezi sana. Kuku ameumbiwa siku 21, na kumzuilia kiotani siku 35 ni kumkondesha katika kazi asiyoijua mwisho wake. Na watoto wakiisha kutoka, humwona mama yao akihangaika ukingoni mwa dimbwi, akiwaita kwa sauti ya kuvunja moyo, nao wamekwisha kuelea. Kinyume chake ni afadhali, kwa kuwa bata aliyezoea majuma matano huyaona matatu kuwa mepesi, na kifua chake kipana huyafunika mayai ya kuku mengi bila ya shida. Mwambao na bara wako wafugaji wanaomtumia hivyo, na kuku wao huendelea kutaga.

Wala simzuii mtu mwenye kulisha mji asinunue mashine, maana miji yetu imekuwa mikubwa na nyama ya bata wa uani haiwezi kuitosheleza. Ninachomwomba ni kwamba mbegu asiitoe mashineni. Bata wa soko na waanguliwe mashineni, lakini majike atakayoyaweka kuwa mama za mwaka ujao yatoke chini ya mama aliyekaa, aliyetoka mara moja kwa siku na kurudi, aliyetulia siku ya kijitundu na kuwarudisha jioni wote aliowatoa asubuhi. Na anayeanza kufuga leo, akienda kununua jike kwa jirani, asitosheke na uzani wala weupe wa manyoya, na asione haya kuuliza mama wa jike hilo yuko wapi. Akiambiwa yuko kiotani, aombe ruhusa aende akamwone kutoka mbali, na akimkuta ametuna, anafoka, na hatoki, alipe bei anayotajiwa.